Hersh, Naftali au Itamar? Jibu kwa mama wa Nyeri anayemtafutia mwanawe jina la Kiyahudi

Swali: Mimi ni Mkikuyu wa Nyeri, naishi New Jersey. Mume wangu ni Myahudi; wazee wake walitoka Poland. Tunatarajia mtoto wetu wa kwanza, na tumeshaambiwa ni wa kiume. Kwetu mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo nilimwambia mama mkwe, tena kwa furaha, kwamba mtoto atapewa jina la baba mkwe. Mama aliinuka mezani akaenda jikoni, hakurudi. Usiku ndipo mume aliponieleza kwamba kwao kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni kama kumtabiria mwenyewe kifo. Sasa mama anataka mtoto aitwe Hersh, jina la marehemu baba yake baba mkwe. Mume anasema majina ya Kiyidi, lugha ya wazee wao wa Poland, ni ya kizee. Anataka jina la Kiebrania la siku hizi, na orodha yake ina Kfir, Lavi na Itamar. Mimi nataka jina ambalo mama yangu ataweza kulitamka. Mimi si Myahudi, lakini tunasali kwenye sinagogi ya Reform, lile tawi la Kiyahudi lisilobana sana sheria za kale. Tufanyeje?

Jibu: Dada yangu, hongera kwa ujauzito, na pole kwa lile la mezani. Nitaanza hapo hapo, kwa sababu jina litakalochaguliwa huku mama mkwe angali na donge moyoni litakuwa na shida hata kabla mtoto hajazaliwa.

Wewe ulitoa heshima. Yeye alishikwa na hofu ya zamani sana. Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wale ambao wazee wao waliishi Ujerumani, Poland, Lithuania, Ukraine na nchi jirani, humrithisha mtoto jina la ndugu aliyekwisha kufa. Aliye hai haguswi. Torati haikuagiza hivyo. Ni mila tu, lakini imeshika mizizi kuliko sheria nyingi. Wazee walisimulia kwamba malaika wa mauti akitumwa kwenye nyumba yenye watu wawili wa jina moja anaweza kumchukua asiyetumwa kumchukua. Wengine walisema jina limefungamana na uhai wa mwenye nalo, na kumpa mtoto jina la babu aliye hai ni kumpunguzia babu siku zake. Huenda mama mkwe wako haamini hata moja kati ya hayo. Lakini alilelewa katika nyumba ambamo ukisikia mtoto ameitwa jina la fulani, umeshajua fulani ni marehemu. Ulipotaja jina la mumewe, yeye alisikia msiba.

Sasa nikupe jambo la kumwambia mtakapoketi tena. Wazo lako si geni kwa Wayahudi. Wayahudi wa Sephardi, wazao wa wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 wakatawanyika Morocco, Ugiriki, Uturuki na kwingineko, humpa mvulana wa kwanza jina la baba yake baba, na wa pili jina la baba yake mama. Babu akiwa hai wa kulishuhudia, ndiyo furaha yenyewe. Ni utaratibu uleule wa Wakikuyu, mtoto kwa mtoto. Ungeolewa katika nyumba ya Kiyahudi ya Izmir au Tetouan, maneno yako ya pale mezani yangeleta vigelegele. Hata Uholanzi, Wayahudi wa Ashkenazi walizoea kurithisha majina ya babu na bibi walio hai. Mweleze hivyo, asikuone kama mtu aliyekanyaga kitu kitakatifu. Ukishamweleza, fuata nyumba uliyoolewa. Hofu ya mwanamke kuhusu uhai wa mumewe haiondolewi kwa hoja, na sioni jina lenye thamani ya kumfanya bibi asite kila anapomwita mjukuu wake.

Ile heshima uliyotaka kumpa baba mkwe ina mahali pake pengine. Siku ya nane, mtoto anapotahiriwa, yuko mtu anayempakata mapajani wakati mohel, yaani ngariba, anafanya kazi yake. Mtu huyo huitwa sandak. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo katika shughuli ya siku ile, na mara nyingi hupewa babu. Mwombeni baba mkwe mapema, na umwombe wewe mwenyewe kwa mdomo wako, umweleze kwamba kwenu mvulana wa kwanza ni wa babu mzaa baba. Atakuwa pale karibu kabisa na mtoto jina linapotangazwa. Na angalia jambo hili pia: Hersh alikuwa baba yake. Mkilichukua jina hilo mnabaki katika ukoo uleule ambao mila ya Nyeri ingewapeleka, ila mmepanda kizazi kimoja.

Baada ya hapo ndipo lije suala la jina lenyewe, na ushauri wangu ni mmoja: chagueni mtu kwanza, jina litafuata. Wazazi wengi wanaoniuliza huanza na orodha. Wanataka jina fupi, zuri masikioni, lenye maana ya simba au nuru, lisiloleta utani shuleni. Kwa Ashkenazi kazi huanzia upande wa pili. Unauliza ni nani katika nyumba hii ameondoka na hakuna anayebeba jina lake. Akishajulikana, utakuta jina lake lina sura nyingi, na katika sura hizo ndimo wazazi wanamokuwa na uhuru wote wanaoutaka. Nyinyi mtu mnaye tayari. Mama mkwe amekwisha kumtaja. Mzozo wa mume na mama yake kuhusu Kiebrania na Kiyidi unapungua sana mkiuliza hivi: mzee Hersh tumlete kwa sura ipi?

Ili kulijibu hilo inabidi ujue majina haya yalivyofanya kazi. Mwanamume wa Ulaya ya Mashariki aghalabu alikuwa na majina mawili. La kwanza ni jina takatifu, shem hakodesh, la Kiebrania. Ndilo aliloitwa akipanda kusomewa Torati, likaandikwa kwenye hati ya ndoa, na mwishowe likachongwa kwenye jiwe la kaburi lake. La pili ni kinui, jina la nyumbani na sokoni, kwa kawaida la Kiyidi, lugha iliyozaliwa miongoni mwa Wayahudi wa bonde la mto Rhine yapata miaka elfu moja iliyopita, ikaandikwa kwa herufi za Kiebrania. Hati ya talaka ya Kiyahudi lazima itaje majina yote ambayo mtu anajulikana nayo, kwa tahajia sahihi, na kwa sababu hiyo marabi waliandika vitabu vizima vya kueleza jina lipi la Kiyidi linakwenda na jina lipi la Kiebrania.

Majina hayo hayakuunganishwa ovyo. Mengi yalitoka Mwanzo sura ya 49, pale Yakobo anapowaita wanawe kabla ya kufa na kumtamkia kila mmoja neno lake. Yuda anafananishwa na mwana-simba, kwa hiyo aliyeitwa Yehuda sinagogini, nyumbani alikuwa Leib, na kati yake wengi waliongeza Aryeh, ambaye ni simba huyo huyo kwa Kiebrania. Benyamini ni mbwa-mwitu, ndiyo maana kuna Binyamin Ze'ev Wolf. Theodor Herzl, mwanzilishi wa harakati ya Kizayuni, jina lake la Kiebrania lilikuwa Binyamin Ze'ev. Isakari katika baraka ile ni punda, lakini watoto hawakuitwa Punda. Yissachar alipewa dubu, Dov kwa Kiebrania na Ber kwa Kiyidi.

Sasa fungua Biblia yako ya Kiswahili, ile ya Union, sura hiyo hiyo aya ya 21. Utakuta Naftali ni ayala aliyefunguliwa. Ayala ni mnyama wa jamii ya kulungu, na kulungu kwa Kiyidi ni Hirsh, ambalo katika vinywa vya wengi lilikuwa Hersh. Kati ya Naftali na Hersh likaingia Tzvi, swala kwa Kiebrania. Jina kamili ambalo utalikuta kwenye makaburi ya Kiyahudi kuanzia Kraków hadi Newark ni Naftali Tzvi Hirsh. Ikiwa babu wa mume wako aliitwa Hersh nyumbani, basi sinagogini inaelekea aliitwa Tzvi Hirsh, au Naftali Hirsh, au yote matatu kwa pamoja. Na waliompenda hawakuishia kwenye Hersh. Kiyidi kina namna yake ya kudekeza jina, na mtoto Hersh huwa Hershl akiwa anatambaa, Hershele akiwa mgonjwa au amelala. Muulize mama mkwe alivyomsikia bibi mkwe akimwita mumewe.

Zipo jozi nyingine zisizo na mnyama: Menachem na Mendel, Shlomo na Zalman, Asher na Anshel. Yapo hata yenye asili ya Kigiriki, kama Sender, kutoka Alexander, na Kalman, kutoka Kalonymos, ambayo Wayahudi wameyabeba kwa karne nyingi sana hata hakuna anayeuliza yalitoka wapi. Nayataja kwa sababu mume akianza kusema jina fulani si la Kiebrania safi, hoja hiyo haifiki mbali.

Mume anaposema majina ya Kiyidi ni ya kizee anasema alichokiona. Maishani mwake kila Hersh na kila Mendel alikuwa mzee mwenye lafudhi. Lakini inafaa ajue kwa nini ilikuwa hivyo.

Waliohamia Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walitaka watoto wao wapite bila kuulizwa walikotoka. Moishe akaandikishwa Morris au Murray, Yisroel akawa Irving, Hersh akawa Harry au Harold. Walichukua hata majina ya ukoo ya mabwana wa Kiingereza, Sheldon, Seymour, Stanley, hadi nayo yakajulikana kuwa ya Kiyahudi na watoto wao wakayakimbia tena. Sitashangaa mkikuta Hersh wenu kwenye hati za Marekani ni Harry.

Kwingine, huko Yerusalemu, kulikuwa na msukumo tofauti. Eliezer Ben-Yehuda, aliyezaliwa mwaka 1858 kwa jina la ukoo Perlman, alihamia huko mwaka 1881 akiwa ameazimia kukirudisha Kiebrania kuwa lugha ya nyumbani. Mwanawe alizaliwa mwaka 1882, akapewa jina Ben-Zion, akalelewa asisikie lugha nyingine. Ukubwani kijana huyo alijulikana kama Itamar Ben-Avi. Kwa hiyo jina Itamar kwenye orodha ya mume lina historia nzuri. Ni la mwana wa Haruni katika Biblia, na ni la mtoto aliyeanza kuota ndoto kwa Kiebrania baada ya karne nyingi ambazo hakuna mtoto aliyefanya hivyo. Katika harakati hizo Kiyidi kilionekana lugha ya uhamishoni, ya unyonge, na majina yake yakatupwa pamoja nayo. David Grün wa Płońsk akawa David Ben-Gurion. Watoto wakaitwa Ilan, Oren, Yigal, majina ya miti na ya watu wa kale. Lavi na Kfir yametoka kwenye moyo huo huo.

Sababu ya tatu ndiyo nzito. Kabla ya vita vya pili vya dunia Kiyidi kilisemwa na watu kati ya milioni 11 na 13. Wayahudi milioni 6 waliuawa na Wanazi, na wengi wao walikuwa wasemaji wa lugha hiyo. Akina Hersh ambao leo wangekuwa na umri wa baba mkwe hawakuzaliwa, kwa sababu waliokuwa wawazae waliuawa wakiwa watoto katika kambi za mauaji za Treblinka na Bełżec huko Poland. Ndiyo maana mume wako hakumwona Hersh wa makamo yake shuleni. Mimi nimetumia miaka mingi kusoma orodha za majina hayo, na siwezi kulisikia neno "kizee" likitumika juu yake bila kuumia. Mwambie hivyo kwa upole. Sidhani aliwahi kulitazama kwa jicho hilo.

Tena si kweli kwamba jina limekufa. Williamsburg na Borough Park huko Brooklyn, na hapo hapo New Jersey mjini Lakewood, wamo watoto wanaoitwa Hershy, Leiby na Mendy wanaokimbizana mitaani leo mchana. Tahadhari moja tu: baadhi ya majina ya Kiyidi yamekuwa alama ya jumuiya fulani. Ukimwita mtoto Menachem Mendel, Wayahudi wengi wa Marekani watadhani nyinyi ni Chabad, kundi la Wayahudi washika dini sana, kwa sababu ndilo jina la kiongozi wao, Rebbe wa Lubavitch, aliyefariki mwaka 1994, na wafuasi wake wamelirithisha kwa wingi. Hersh halina mzigo wa namna hiyo. Wenzake shuleni watamtania kwa chokoleti ya Hershey, na utani huo ataumudu.

Nije kwenye masikio ya mama yako. Kfir liondoeni kabisa. Kwa Kiebrania ni mwana-simba, na Israel ni jina la kawaida, lakini mtoto wako atakuja Kenya, atafika Mombasa, na kila atakapojitambulisha watu watasikia kafiri. Afrika Kusini neno hilo ni tusi walilotukanwa watu weusi, na mwanao atakuwa mtoto mweusi. Sioni sababu ya kumtwika jambo hilo. Muwe macho pia na majina ya mkato ya Kiisraeli: anayeitwa David mara nyingi huwa Dudu au Dudi, na Yaakov huwa Kobi. Mkiwa Tel Aviv hakuna neno. Mkiwa Nyeri, watoto wa jirani wataona dudu na kobe. Lavi halina tatizo, isipokuwa kwamba l huenda ikageuka r kinywani mwa mama yako, na hilo ni lake kwa haki.

Naftali, kwa upande mwingine, lilishafika Kenya zamani. Naftali Temu wa Kisii ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mbio za mita 10,000, Mexico City mwaka 1968. Mama yako hahitaji kufundishwa jina hilo. Nalo Israel halijapitwa: waziri mkuu wa mwaka 2021 hadi 2022 aliitwa Naftali Bennett. Nikuongezee kitu kinachonifurahisha kila ninapolinganisha lugha hizi. Kiebrania cha kisasa kwa kawaida huweka mkazo mwishoni mwa neno, Moshe na David wakasikika kama wanavutwa nyuma. Kiyidi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Moishe, Dovid, Yisroel, sawasawa na Kiswahili. Mama yako akitamka Naftali kwa mazoea yake, mkazo juu ya "ta", atakuwa ameuweka pale pale walipouweka wazee wa Poland.

Basi ningekuwa nimeketi nanyi, ningependekeza hivi. Kwenye cheti cha kuzaliwa aandikwe Naftali Hersh. Sinagogini aitwe Naftali Tzvi Hirsh, mwana wa jina la Kiebrania la baba yake. Mama mkwe atampata Hersh wake waziwazi, na wala hatolazimika kukisia kutoka herufi ya kwanza tu, kama wanavyofanya wengi Marekani wanaochukua H ya Hersh wakampa mtoto jina Hunter au Hudson. Desturi hiyo siipendi. Herufi moja haimbebi mtu, na mtoto akiuliza ameitwa kwa ajili ya nani, jibu linakuwa jembamba. Mume atapata jina la Kiebrania, la kale kweli, lakini linaloishi. Wewe utapata jina ambalo bibi wa Nyeri analimiliki tayari. Itamar likae, pengine kuna mwingine atakuja.

Kama mzee aliitwa Tzvi Hirsh tu, bila Naftali, msihofu kuongeza. Mila inaruhusu kuongeza jina, na hili linatoka kwenye chimbuko lilelile.

Hakikisheni hayo kabla ya kuamua. Nendeni kwenye kaburi lake, au mwombe ndugu apige picha. Makaburi ya Kiyahudi ya Marekani mara nyingi yana jina la Kiingereza chini na la Kiebrania juu, na hayo mawili hayafanani. Tafuteni neno *ben*, yaani mwana wa. Kabla yake kuna jina lake, baada yake jina la baba yake, na hapo mtakuwa mmefika kwa baba yake Hersh, ambaye labda hakuna hata mmoja nyumbani anayemkumbuka kwa jina. Hati ya ndoa yake, ketubah, itakuwa na habari hiyo hiyo, na sinagogi aliyosali huwa ina daftari la siku za kumbukumbu za waliofariki. Wale waliobaki Poland wakauawa, tafuteni majina yao kwenye hifadhi ya Yad Vashem ya Yerusalemu, iliyokusanya majina zaidi ya milioni 4.8 na iko wazi kwenye intaneti.

Mkiona Chaim au Alter mbele ya jina lake, msinakili kabla ya kuuliza. (Hiyo ch ya Chaim isomeke kama kh ya Kheri.) Chaim ni uhai, Alter ni mzee, na mara nyingi yaliongezwa mtoto alipougua sana, ili mauti yakija kumtafuta mtoto yamkose. Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi wa kale, inataja kubadili jina miongoni mwa mambo yanayoweza kufuta hukumu iliyoandikwa juu ya mtu. Mara nyingine Chaim lilikuwa jina lake tangu mwanzo, na hapo ni lenu kulichukua. Mara nyingine lilikuwa dawa ya homa ya mwaka fulani huko Poland. Ndugu wanaweza kujua. Ulizeni pia alikufaje. Aliyekufa kijana au kwa mkasa, familia nyingi humrithisha jina lake likiwa na jina jingine pembeni, ili mtoto asirithi na bahati ile. Naftali litafanya kazi hiyo pia. Kama binamu wa mume tayari amemwita mwanawe Hersh kwa ajili ya mzee huyo huyo, hilo si kizuizi. Wajukuu kadhaa kubeba jina la babu mmoja ni jambo la kawaida.

Upande wenu usiachwe nje. Kwenu baba yako ana mvulana wa pili. Mwachie nafasi yake, na siku hiyo ikifika mtazungumza na mama mkwe mapema zaidi. Lakini hata huyu wa kwanza ningependa awe na jina la Kikuyu. Muulize mama yako ni nani katika ukoo wenu ameondoka, mjomba au babu yake mtu, ambaye jina lake linasubiri. Kwa njia hiyo mtakuwa mmefuata desturi ya nyumba ya mume kwa mtu wa kwenu, na hakuna atakayeshtuka. Jina la Kiebrania na la Kiafrika kukaa pamoja si jambo jipya. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Rabi wao, aliyesomea urabi Marekani, anaitwa Gershom Sizomu, Gershom la mwana wa Musa na Sizomu la nyumbani.

Kuhusu wewe kutokuwa Myahudi, usikae na wasiwasi usio na msaada. Marabi wa Reform wa Marekani waliamua mwaka 1983 kwamba mtoto wa baba Myahudi na mama asiye Myahudi anaweza kuhesabiwa Myahudi akilelewa hivyo na kushiriki hadharani. Sinagogi yenu itampa jina bila shida. Waorthodoksi na Wakonsavativu hawakubali uamuzi huo. Kwao Uyahudi hupitia kwa mama, na mtoto angehitaji kuongoka kirasmi. Ni vizuri mume alijue hilo sasa, hasa ikiwa ana ndugu wa Kiorthodoksi watakaohudhuria, lisije likaibuka siku ya tohara. Sinagogi nyingi za Reform humwita mtoto kwa majina ya wazazi wote wawili, baba na mama. Wapo marabi wanaokubali mama asiye Myahudi atajwe kwa jina lake mwenyewe, kama lilivyo. Mwombeni rabi wenu. Ningefurahi sana kusikia jina la Kikuyu likisomwa baada ya Naftali Tzvi Hirsh ben fulani.

Mambo madogo ya mwisho. Hospitali itawataka mjaze fomu ya cheti cha kuzaliwa kabla ya siku ya nane, kwa hiyo jina la kiserikali liwe tayari mkiingia wodini. Familia nyingi za Ashkenazi hazilitaji jina la mtoto hadharani hadi tohara. Mama mkwe atapenda mkifuata hilo, nawe utapata siku nane za kupumzika bila maoni ya watu. Mtoto akiwa na manjano au dhaifu, tohara husogezwa mbele hadi daktari aridhike, na jina husubiri pamoja nayo. Na mkimpelekea rabi jina, mpelekeeni kwa maandishi, herufi za Kiebrania kama zilivyo kwenye jiwe la kaburi, kwa sababu jina la mzee huyu huandikwa kwa njia mbili: הירש ukifuata matamshi ya Hirsh, na הערש ukifuata ya Hersh. Chukueni ile iliyochongwa.